Kona Aliyoichora Rula

Ofisini walimwita Rula kwa sababu mstari wake haukuwahi kupinda. Miaka thelathini na mmoja alikalia kiti kirefu katika chumba cha wachoraji, ghorofa ya pili ya idara ya barabara, akichora kwa wino njia ambazo wengine wangekwenda kuzichimba. Alistaafu na kisanduku cha kalamu, mgongo unaouma kila kukicha, na jina hilo la utani ambalo hata mkewe alilitumia akitaka kumchokoza. Mtaani alikuwa mtu wa kupigiwa mfano. Halewi, hagombani, na akisema saa nne anafika saa nne kasoro.

Kwa hiyo siku alipotandaza karatasi kwenye meza ya chakula na kutangaza kwamba Jumapili watakwenda kutembea mlimani kwa gari, mkewe alidhani anamtania.

“Wewe? Mlimani?” Aliweka kikombe chini. “Miaka nenda miaka rudi nakuomba. Mara mgongo, mara mvua, mara gari la shemeji yako bovu. Leo umeamkia upande gani?”

“Nimestaafu, mama. Nafasi ninayo.”

“Umestaafu mwaka wa tatu huu.”

Rula alikuwa ameanza kuchonga penseli, na mkewe alijua kwamba penseli ikishachongwa, maneno yamekwisha.

Aliipanga ile safari kama alivyopanga kila kitu maishani. Alichora mstari kutoka mlangoni kwao hadi kituo cha mafuta, kutoka hapo hadi kiwanda cha mbao kilichopo chini ya mlima, kisha mistari ya kupanda ikijikunja kama utumbo. Pembeni aliandika saa kwa herufi zake ndogo zilizosimama wima: kuondoka saa moja na nusu asubuhi, chemchemi saa tatu, kileleni saa nne na nusu, chakula, kurudi. Gari lingekuwa lile la shemeji yake, kaka wa mkewe, mwoka mikate, ambalo Jumapili halisambazi chochote. Magurudumu alishakwenda kuyakagua mwenyewe, akiinama na kuyabonyeza moja moja huku shemeji akimcheka kwamba anakagua ndege.

Mkewe alivaa miwani na kuisoma ile karatasi kwa kidole. Alikuwa mpiga chapa mstaafu. Jicho lake halikuruka kosa.

“Chemchemi dakika kumi. Kileleni, ambako ndiko watu wanakoona mabonde yote, robo saa. Halafu hapa njiani, pasipo na jina, dakika arobaini. Hapa pana nini?”

Rula aliinyoosha karatasi. “Mandhari.”

“Mandhari gani ya dakika arobaini?” Aliiangalia tena karatasi, na uso wake ukabadilika polepole. “Ni pale alipoangukia Kicheko?”

Kicheko alikuwa shoga yake wa ofisini, mpiga chapa mwenzake wa meza ya jirani kwa miaka kumi na minne, mwanamke ambaye kicheko chake kilisikika hadi getini. Basi lililombeba lilitumbukia bondeni kwenye barabara hiyo hiyo ya mlimani, miaka kumi na mmoja iliyopita. Walikufa watu tisa.

“Ndiyo,” alisema Rula. “Ni pale.”

Mkewe aliunyoosha mkono juu ya meza akaushika wake. “Na mimi niliyekuwa nadhani huna moyo wa mambo kama hayo,” alisema, na machozi yakamlengalenga. Rula aliuacha mkono wake palepale. Hakuwahi kujisikia mchafu kama wakati ule.

Kilichokuwa moyoni mwake kilianza miaka ishirini na sita nyuma, mchana mmoja wa joto, binti yao akiwa na miezi miwili. Barabara ya mlimani ilikuwa karibu kukamilika. Mahali pamoja, pua ya mwamba ilijitokeza, na ili kona ipite salama ilitakiwa mwamba ule ukatwe. Mhandisi mkuu, ambaye wote walimwita Bosi, aliingia chumba cha wachoraji akiwa na chai mkononi, akaufunga mlango kwa kisigino.

“Ule mwamba haukatwi,” alisema. “Baruti zimekwisha, na wakubwa wanakuja kufungua barabara mwezi ujao. Pitisha kona mbele yake.”

“Itakuwa kali, mzee. Itatoka thelathini. Kanuni inataka sabini.”

Hizo zilikuwa mita za kipimo cha kona. Namba ikiwa kubwa, kona ni pana na gari linapita bila wasiwasi. Ikiwa ndogo, kona inajikunja ghafla.

“Ichore itakavyotoka,” alisema Bosi. “Kwenye jedwali iache sabini.”

“Mzee, kona ikiandikwa sabini haitawekewa kibao wala ukingo wa chuma.”

“Kwani nani atapanda mlima na rula?” Bosi alicheka, akanywa chai. “Jina lako nimeliona kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Usilitoe.”

Rula alikuwa ameshaandika thelathini. Alichukua wembe akaikwangua ile namba taratibu, kama walivyokuwa wakifuta wino siku zile, akalainisha karatasi kwa ukucha na kuandika sabini juu yake. Kazi ilikuwa safi. Pembeni akatia herufi za jina lake, kama kanuni ilivyotaka. Mwezi uliofuata alipanda cheo, na mkewe alipika kuku.

Gari la kwanza lilianguka kabla mwaka haujakwisha. Wakaguzi walifungua faili, wakaona sabini, wakaandika “uzembe wa dereva.” Lilipoanguka la pili wakaandika hivyohivyo. Kila mara ofisi ilipopokea taarifa, ilipita mezani kwa Rula ikielekea kabatini, na kila mara aliisoma hadi mwisho. Hakuandika popote, lakini hesabu ya waliokufa aliijua kama anavyojua umri wa mwanawe. Basi la Kicheko lilipoanguka, alisimama makaburini na kulibeba jeneza upande wa miguu.

Angeweza kufa na siri yake. Lakini binti yao, ambaye sasa alikuwa nesi, alipata barua ya uhamisho: kuanzia mwezi ujao angefanya kazi hospitali ya upande wa pili wa mlima, na angekuja nyumbani kwa basi kila akipata mapumziko. Mama mtu alishangilia. Baba mtu aliisoma barua mara mbili, akaenda bafuni, akakaa humo na bomba likitiririka.

Jumapili ilifika na jua zuri. Mkewe alikuwa amefunga mayai ya kuchemsha, mkate, chupa ya chai, na kitambaa chekundu kichwani ambacho hakuwa amekivaa tangu harusi ya mpwa wake. Gari lilinukia mikate. Nyuma, chini ya turubai, Rula alikuwa ameficha kopo la rangi nyeupe, brashi mbili na utepe wa kupimia.

Barabara ilikuwa nzuri, hilo hakuna ambaye angeweza kulikana. Ukungu ulikuwa ukijiondokea mabondeni, mashamba yakionekana chini kama viraka vya nguo. Kwenye chemchemi mkewe alinawa uso na kupiga ukelele wa baridi kama msichana. “Na ulikuwa unaninyima haya yote!” alisema. Rula alitabasamu kwa midomo tu. Alikuwa akiendesha polepole kiasi kwamba malori yalimpigia honi, na shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Waliifikia kona wakitokea chini, akaipita, akaegesha gari mbele kidogo palipokuwa na nafasi. Walirudi kwa miguu. Upande mmoja mwamba ule ule. Upande wa pili, hewa. Vipande vya vioo vilikuwa vimejaa kwenye changarawe, na taa ya lori iliyovunjika ilikuwa imesukumwa kando kwa mguu wa mtu. Mkewe alisimama kwa muda, mikono kifuani, akimzungumzia Kicheko kwa sauti ya chini. Alipogeuka alimwona mumewe ameshika utepe.

“Shika hapa,” alisema Rula. “Mguu wako uwe kwenye ukingo wa lami. Usisogee.”

“Rula, jamani, hata hapa? Hata leo?” Lakini alishika, akidhani ni wazimu wa kazi usiomwisha mtu.

Alivuta utepe mita ishirini kukatiza mpindo wa kona, akapima katikati umbali wake hadi kwenye ukingo, akapiga hesabu kichwani. Haikuwa hata thelathini. Wachimbaji walipofika kwenye mwamba walijipunguzia kazi yao pia. Ilikuwa ishirini na nane.

Akakaa chini, palepale kwenye vioo.

“Mgongo?” mkewe alimkimbilia.

“Siyo mgongo,” alisema. Akamwambia. Alimwambia yote, kuanzia kikombe cha chai cha Bosi hadi wembe, bila kutia chumvi na bila kujitetea, maana njia nzima alikuwa ametafuta utetezi na hakuupata.

Mkewe alisikiliza amesimama. Lori moja lilipita likiteremka, breki zikilia, na upepo wake ukazipeperusha nguo zao. Lilipokwisha kupita aliuliza, “Wangapi?”

“Arobaini na mmoja. Ninaowajua.”

“Na siku ya mazishi ya Kicheko ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

“Ulibeba jeneza.”

“Nilibeba.”

“Nililia begani kwako wiki nzima.” Sauti yake haikupanda. “Ukanipikia uji.”

Rula aliinamisha kichwa. Alitegemea atapigwa, au atatukanwa, na angeshukuru. Mkewe aliangalia bonde tu. Mwishoni aliuliza, “Ulikuja kufanya nini hapa?”

Alimwonyesha kopo la rangi. Alitaka kuandika onyo kwenye mwamba, upande wa wanaotokea juu, mahali ambapo dereva angeliona akiwa bado na nafasi ya kukanyaga breki.

Mkewe alikifungua kitambaa chekundu kichwani. Alipanda barabara hadi juu ya kona, na kila gari lililotokea alilipungia lipunguze mwendo. Rula alipaka rangi kwa zaidi ya saa moja. Aliandika KONA KALI SANA, na chini yake PUNGUZA MWENDO, herufi ndefu kama mkono wa mtu, zote za kimo kimoja, zimenyooka bila mstari wa kufuata. Mtu mmoja wa lori aliteremsha kioo akamshukuru mama kwa kuwatahadharisha. Mama alikwisha kugeukia gari lililofuata.

Rula aliporudi na brashi akimwambia asante, mkewe alimkatiza.

“Sikukulinda wewe. Nimewalinda wenye magari.”

Kileleni hawakufika. Mayai yalirudi nyumbani na maganda yake. Alasiri hiyo mkewe alihamisha mto wake na shuka zake kwenye chumba cha binti, akapigilia msumari mlangoni wa kutundika gauni lake la nyumbani. Rula aliyasikia yale mapigo matatu ya nyundo akiwa ameketi sebuleni, na akaelewa kwamba hilo halikuwa la wiki moja.

Jumatatu alivaa koti lake la ofisini akaenda idara ya barabara. Mhandisi aliyempokea alikuwa mwanamke kijana ambaye hakuwahi kufanya kazi naye. Alimsikiliza akiwa na kalamu mkononi, kisha akaiweka kalamu chini. Waliteremka pamoja hadi chumba cha kumbukumbu, wakaitoa ile michoro kwenye bomba lake la karatasi ngumu. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Mhandisi aliinyanyua dirishani, na mwanga ulipopita nyuma ya ile sabini, alama za wembe zilionekana wazi kama kovu.

“Mzee,” alisema, “sahihi hapa ni yako peke yako. Ya mhandisi mkuu haipo.”

“Najua.”

“Naye alishafariki.”

“Nilikuwepo kwenye mazishi yake pia.”

“Unaelewa unachojitakia?”

“Naelewa, mwanangu. Nipe karatasi niandike.”

Mambo ya serikali hayana haraka. Kamati iliundwa, ikakaa, ikaahirishwa, ikakaa tena. Kabla haijatoa neno, lori la mbao liliteremka asubuhi ya mvua likapita kona moja kwa moja hadi bondeni. Dereva alikufa, akawa wa arobaini na mbili. Kama aliyaona yale maandishi kwenye mwamba au hakuyaona, hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Ukingo wa chuma ulikuja mwezi wa saba, na kibao cha idara kilichowekwa mbele ya herufi za Rula kilikuwa kidogo na kimeinama. Yeye mwenyewe hakufungwa. Waliandika kwamba muda wa kumshitaki umepita, na kwamba idara inasikitika. Binti yao alimpigia simu mara moja tu katika kipindi hicho. “Baba, sijui nikuite nani,” alisema, na simu ikakatika.

Lakini kabla ya kamati na kabla ya ukingo, wiki ile ile ya kwanza, mkewe alisimama mlangoni pa sebule akiwa amevaa viatu vya kutokea.

“Inuka,” alisema. “Tunakwenda kwa mume wa Kicheko.”

Mume wa Kicheko alikuwa fundi saa, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, upana wa mlango mmoja, kimejaa saa za ukutani ambazo kila moja ilisema wakati wake. Alikuwa na kioo cha kukuzia kimebanwa kwenye jicho moja na saa ya mkononi imepasuliwa kwenye kitambaa. “Shemeji! Karibuni, karibuni,” alisema kwa mke wa Rula, akafuta kiti cha pekee kwa kiganja. Hakuna aliyekaa.

Rula alisema. Safari hii maneno yalikuwa machache. Fundi saa hakuinua kichwa. Alishika skrubu ndogo kwa koleo lake na kuibeba angani bila kuiweka popote, hadi Rula alipomaliza.

“Kabla ya mke wangu,” aliuliza, “walikuwa wameshakufa wangapi?”

Rula alimeza mate. “Kumi na saba.”

“Kumi na saba.” Fundi saa alikitoa kioo jichoni. “Yaani mara zote hizo uliweza kufungua mdomo, na mimi sasa hivi ningekuwa namgombeza mwanamke kwa kucheka sana wateja wakiwepo.”

Saa mojawapo ukutani iligonga, ikafuatiwa na nyingine. Mke wa Rula aliegemea mlango akilia bila sauti. Fundi saa aliinuka, akazifunika kazi zake kwa kitambaa, akatoa funguo.

“Sina la kukufanya,” alimwambia Rula. “Nimezeeka, na wewe umezeeka. Lakini lipo jambo moja. Yule dereva wa basi ana mama. Anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa. Miaka kumi na mmoja watu wanamwita mama wa muuaji. Mimi mwenyewe nilimtemea mate miguuni, sokoni, mbele za watu. Twende.”

Walikwenda watatu. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kwenye safu ya vyumba, mlango umefunguliwa, pazia limefungwa fundo. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Alipomtambua fundi saa, alilivuta sinia karibu na tumbo, kama mtu anayejikinga.

“Shikamoo, mama,” alisema fundi saa. “Sijaja kwa ubaya. Nimemleta mtu.”

Rula alipiga magoti kwenye saruji kwa sababu hakujua mahali pengine pa kujiweka. Alianza kusema, na bibi akakunja uso na kuweka kiganja nyuma ya sikio.

“Sikusikii, baba. Masikio yangu yamekwenda. Sema kwa nguvu.”

Akasema kwa nguvu. Bibi akatikisa kichwa. Ikabidi apaze sauti, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kusikika nyumba ya pili. Alipiga kelele kwamba kona ilikuwa mbovu, kwamba namba ilikuwa ya uongo, kwamba aliyeiandika ni yeye. Mwanamke aliyekuwa akifua nje aliacha kufua. Wapangaji wa vyumba vya jirani walitoka wakasimama mlangoni, mmoja amebeba mtoto, na nyuma yao wengine, wakiulizana kuna nini.

“Mwanao hakuwa mzembe!” Rula alipaza sauti. “Angeendesha mtu yeyote, angeanguka!”

Sasa bibi alikuwa amesikia, ilionekana machoni. Mikono yake ilikuwa imeacha maharage. Aliwatazama majirani waliojaa mlangoni, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kisha akamrudia Rula.

“Rudia,” alisema.

Akarudia.

“Rudia tena. Yule wa nyuma pale hajasikia.”

Rula alivuta pumzi akarudia, magoti yakimuuma kwenye saruji, mkewe akiwa amegeukia ukuta. Na bibi alisikiliza ameinua kidevu, akamwonyesha kwa kidole kwamba aseme tena.